Busta Juu ya Paa la Mama

Mama yangu hakuwa na haja ya picha. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, na ulipofika mwaka ninaousimulia alikuwa akiona mwanga wa mlangoni na kivuli cha mtu anayempitia mbele, basi. Alichokitaka kwenye televisheni ni sauti, tena sauti ya mtu mmoja tu.

Mtu huyo ni mdogo wangu. Alifariki miaka kumi na moja kabla ya hapo, nyumbani kwetu Uroa. Katika vyote alivyotuachia, kanga zake, kisu chake cha kukatia kamba za mwani, picha mbili za pasipoti, hakuna hata kimoja kinachosema. Siku hizo simu zetu zilikuwa za kupigia na kupokelea. Lakini mwaka mmoja kabla ya kifo chake walikuja pwani kwetu watu wa kituo kimoja cha televisheni kutengeneza kipindi cha wanawake wanaolima mwani, na mdogo wangu akahojiwa. Kipindi kilionyeshwa mara moja. Mama alikiona, maana wakati huo macho alikuwa nayo. Mimi sikukiona. Nilikuwa mjini na nilikuwa na shughuli, na shughuli yenyewe ilikuwa nini, leo sikumbuki hata nikikaa siku nzima kufikiri.

Sasa kituo kile kikaanza kurudia vipindi vyake vya zamani kila Alkhamisi jioni. Mama, ambaye redio ndiyo jicho lake, akasikia tangazo, akanipigia simu.

"Ile ya mwani wanairudia," alinambia. "Alkhamisi ya tatu ya mwezi ujao, saa kumi na moja na nusu. Na hii tivii yangu haishiki, inakatakata. Mtu anaanza neno halimalizi. Njoo unitengenezee."

"N'takuja, mama. Tena n'tapita kituoni kwenyewe niwaombe nakala, uwe nayo daima."

"Hiyo nakala ni jambo jema," alisema. "Lakini njoo kwanza."

Kituo hakiko mbali na ninapokaa. Kutoka mlangoni kwangu Mji Mkongwe ni mwendo wa robo saa kwa miguu, na jua likiwa kali unaweza kupita kwenye vichochoro vyenye kivuli mpaka karibu na kufika. Sikwenda. Wiki ya kwanza nilisema nina mafua, wiki ya pili nikasema watakuwa na mambo mengi, nitawasumbua. Nilisomesha jiografia miaka thelathini na nilikuwa mwalimu wa kufungia geti wanafunzi waliochelewa. Nilikuwa nasimama pale na fimbo yangu nikiwahubiria kwamba wakati haumngoji mtu. Watoto wana subira sana, maana hakuna hata mmoja aliyenicheka.

Wiki mbili zilipopita nikaona haya, nikenda Darajani kununua busta. Kwa asiyelijua, busta ni kikopo kidogo, unaweza kukifumba kiganjani, na kazi yake ni kuyapa nguvu mawimbi dhaifu ambayo antena imeyadaka, ili yafike kwenye king'amuzi yakiwa na uzima. Mjini hatulihitaji. Mjini unaweza kuchomeka uma nyuma ya televisheni na picha ikaja. Lakini Uroa iko upande wa pili wa kisiwa, mnara uko mbali, na katikati pana minazi na ardhi iliyoinuka. Antena ya mama ilisimamishwa na marehemu baba juu ya bomba la chuma, na chumvi ya bahari ilikuwa imeshaila mpaka nusu ya vijiti vyake vimepinda.

Muuzaji alikifungua kiboksi mbele yangu. "Mzee, hili lifunge juu, chini kidogo ya antena," alisema. "Hii adapta ndiyo inabaki ndani. Umeme unapanda kwa waya huo huo unaoleta picha. Usije ukalifunga chini karibu na tivii."

"Nnajua," nilimwambia.

Sikuwa najua. Niliudhika tu kuitwa mzee, na niliudhika zaidi kwa sababu nilikuwa na magoti ya mzee na sikutaka kupanda ngazi. Nilipofika Uroa nililifunga busta nyuma ya televisheni, kwenye kimeza, nikakaa kwa raha zangu juu ya kigoda. Mama aliketi kitandani kwake akisikiliza.

"Mbona sikusikii ukipanda juu?" aliuliza.

"Hii ya kisasa, mama. Inafungwa ndani."

King'amuzi kina mistari miwili ya kupimia, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Nilipowasha, ule wa nguvu ulipanda mpaka karibu na mwisho, nami nikajisifu kimoyomoyo. Ule wa ubora haukutikisika. Msomaji wa habari alitokea, uso umekatika vipande, akasema, "Wananchi wame," akapotea, akarudi akasema, "hapo jana," akapotea tena. Nikachomoa, nikachomeka, nikalaani kiwanda kilichokitengeneza. Ilinichukua saa nzima kukubali nilichoambiwa, mjinga mimi, pale dukani. Busta haliumbi kitu. Linakuza linacholetewa, na mawimbi yakishasafiri na waya mkuukuu kutoka juu ya paa mpaka chini yanafika yamejaa uchafu, ndipo mimi nikaukuza uchafu. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

"Haishiki," alisema mama. Hakusema kwa hasira.

"N'tarudi, mama."

Nilirudi baada ya siku tisa, siku ya Jumatano, na safari hiyo nilikuja na waya mpya na utepe wa mpira wa kuzuilia maji, na nikaazima ngazi. Kipindi kilikuwa kesho yake. Kwa nini nilingoja mpaka Jumatano, na Jumatatu sikuwa na kazi, wala Jumanne? Mtu mwenye tabia mbaya huwa haioni ikimjia, huona tu siku zimekwisha.

Nikapanda. Kutoka juu ya bati la jiko letu unaona bahari iliyokupwa na vigingi vya mwani vimesimama safu safu, na ukitazama chini unaona ua wa jirani yetu. Ukuta wa ua wake ndio ukuta wa ua wetu. Alikuwa amelazwa nje chini ya kivuli cha bati, juu ya kitanda cha kamba, mgonjwa wa siku nyingi, amekonda, kanga imemfunika mpaka kifuani. Jirani huyu na mama yangu waliolewa mwaka mmoja, wakazaa pamoja, wakalima mwani kwenye vigingi vilivyopakana, na kwa miaka kumi na moja hawakuwa wanasemezana. Salamu ya Mungu hawakupeana. Sababu ilikuwa ni mimi.

Lazima niliseme hapa, maana bila ya hilo mengine hayana maana. Mdogo wangu alipougua, aliugua siku tatu, homa na tumbo. Siku ya tatu alasiri mama alinipigia simu nilete gari kutoka mjini impeleke hospitali kubwa. Mvua ilikuwa inanyesha na mimi nilikuwa na karatasi za mtihani za kusahihisha. Nikamwambia, "Kesho asubuhi n'takuja na gari." Hiyo ndiyo sababu, sina nyengine ya kuipamba. Laiti ningesema siwezi. Pwani kulikuwa na gari la samaki linalokwenda mjini jioni ile, na dereva wake ni mtu wetu. Wao wakaliacha gari la samaki wakaningoja mimi, kwa sababu niliahidi. Nilifika saa nne asubuhi, kama nilivyosema, na gari zuri. Walikuwa wameshamfunika.

Siku ya tatu ya matanga, jirani alisema mbele ya wanawake wote, na wote wakasikia: "Mtoto huyu hakuuliwa na homa. Kauliwa na kesho ya kakaake." Mama akasimama akamwambia atoke ndani ya nyumba yake, na asirudi. Akatoka, na hakurudi. Mimi nilikuwa nimekaa nje na wanaume, nikayasikia yote mawili kupitia dirishani, na nilimshukuru mama, na nilimchukia yule mwanamke kwa chuki ambayo mtu humchukia nayo aliyemuona uchi.

Sasa nilikuwa juu ya paa, na yeye chini ananitazama. Niliona mkono wake umeinuka kidogo kutoka kwenye kanga.

"Imeshika?" aliniuliza. Sauti yake ilikuwa haina nguvu, lakini hewa ilikuwa imetulia na neno nililisikia vizuri.

Nilijifanya nimeshughulika na nati. Nilikaza nati ambayo ilikuwa imeshakazika. Hakuuliza tena, na nilipotazama baada ya muda alikuwa amegeukia ukutani.

Busta nililifunga kiganja kimoja chini ya antena, nikazungusha utepe wa mpira kwenye viungo, nikashusha waya mpya mpaka ndani, nikachomeka adapta ukutani. Kitaa chake kidogo cha kijani kikawaka. Nikamwita mama akae karibu, nikawasha. Msomaji wa habari akatokea na shati lake na tai yake, akaanza sentensi akaimaliza, akaanza nyengine akaimaliza.

Mama aliinamisha kichwa kusikiliza. "Huyu kama yumo humu ndani," alisema, na alicheka, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mfungo uliopita.

Tulikuwa na tatizo moja tu. Mama, kama wazee wote wa nyumba za kwetu, hawezi kuondoka chumbani bila kuzima swichi za ukutani. Anapapasa ukuta kwa kiganja, anazifikia moja moja, anazibonyeza kwa kidole gumba. Nikamweleza kwamba adapta ikizimwa busta linakufa, na busta likifa picha na sauti hazipo.

"Kitu kisicho na kazi kinawashwa kwa nini?" aliuliza. "Umeme unakula bure. N'tauzima, na ukifika wakati n'tauwasha. Mimi si mtoto."

"Usisahau tu, mama."

"Mimi nisahau? Kesho?" Akaipapasa adapta. "Sisahau mimi."

Nililala pale pale Uroa. Alkhamisi mama alioga mapema, akavaa dira lake la rangi ya maziwa analovalia harusini, akajifukiza udi. Baada ya sala ya adhuhuri tu alikuwa ameshakaa mbele ya televisheni iliyozimwa, mikono mapajani. Nilimwambia bado saa tano. Alisema hana pengine pa kukaa. Nilimpikia mchuzi wa pweza, akala vijiko viwili.

Haikupita nusu saa, kipaza sauti cha msikiti kikakohoa. Ukisikia msikiti unakohoa wakati si wa adhana, unajua. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema mtangazaji, kisha akamtaja marehemu kwa jina la mumewe na la mtoto wake mkubwa, na akasema maziko ni baada ya alasiri. Nilikuwa nimeshaanza kusikia vilio vyenyewe nyuma ya ukuta, kabla hajamaliza.

Mama alingoja mtangazaji amalize. Kisha akasimama, akapapasa ukuta, akaifikia swichi ya adapta, na kwa kidole gumba akaizima. Akaifikia ya televisheni, akaizima.

"Mama," nilisema, "kipindi ni saa kumi na moja na nusu. Watakuwa washazika."

"Matanga hayeshi kwa kuzika."

"Tutafunga madirisha. Sauti tutaiweka ndogo, wewe utakaa karibu. Hakuna atakayejua."

"N'tajua mimi."

Nilikasirika. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi nikapaza sauti mbele ya mama yangu kipofu. "Huyu mtu hamkusemezana miaka kumi na moja! Alikutukania mwanao mmoja ndani ya matanga ya mwengine! Na leo kwa ajili yake unaacha kumsikia mtoto wako? Watairudia lini tena? Hawatairudia!"

"Ukuta wetu mmoja," alisema. Wala hakuniambia nipunguze sauti. "Nyumba yenye maiti jirani yake hafungui tivii. Siku tatu. Hilo si langu wala si lako. Nipe buibui langu, na mkongojo wangu uko nyuma ya mlango."

Nikampa. Nikamshika mkono mpaka kwenye mlango wa jirani, mlango ambao hakuuvuka miaka kumi na moja, na kule akapokewa na wanawake, na nikawasikia wakimwambia, "Karibu, bibi, karibu, pita huku." Nilisikia baadaye kwamba walipomwosha marehemu yeye alishika kata ya maji. Waliomwosha ni wenye macho, yeye alikuwa akiteka kwa kupapasa na kuwapa, na hakukosea.

Nikenda kuzika kama wanaume wengine. Nilishika mguu wa jeneza, nikapokezana na watu. Kabla ya kusaliwa, mtoto wake mkubwa alisimama akasema kama kuna mtu aliyekosewa na marehemu tunamuombea amsamehe, na watu wote wakajibu wamemsamehe. Na mimi nikajibu. Nikaona haya palepale, maana mimi si niliyekosewa. Alilolisema yule mama lilikuwa kweli kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho, na aliyekuwa akitakiwa aombewe msamaha pale alikuwa amesimama kwa miguu yake, na kanzu safi.

Tulipotoka makaburini niliwaambia wenzangu nakwenda kutia udhu. Nikaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Ua wa jirani ulikuwa haukutosha, wakawatandikia wanawake majamvi uani kwetu, kama ilivyo desturi, na walikaa mpaka chini ya dirisha la chumba cha mama. Nilifunga dirisha polepole. Kupitia kwenye upenyo niliona mgongo wa mama, katikati yao, na buibui lake.

Nikawasha adapta, kisha televisheni. Kitaa cha kijani kikawaka. Nikashika rimoti kwa mikono miwili, na nikaibana sauti mpaka sifuri kabla picha haijaja, nikawa bado naibana hata baada ya sifuri.

Picha ilikuja safi kuliko nilivyoitarajia. Maji yaliyokupwa, mchanga, wanawake wanaovuta kamba. Kisha akatokea. Alikuwa amekaa chini kwenye mchanga, miguu kainyosha, kanga ya rangi ya chungwa kajifunga kichwani, na vidole vyake vinafunga mwani kwenye kamba bila yeye kuvitazama. Alikuwa mnene kuliko ninavyomkumbuka. Mimi nilikuwa namkumbuka yule wa siku ya mwisho. Alikuwa akimtazama mtu anayemhoji na midomo yake inakwenda, inakwenda, akatikisa kichwa, akaendelea.

Kisha kamera ikasogea, nikamuona mtu aliyekaa ubavuni pake. Alikuwa yeye, jirani, mzima, mwenye mashavu, amekamata ncha ya pili ya kamba ile ile. Walikuwa wanafunga kamba moja, mmoja huku mmoja kule, wanakutana katikati. Mdogo wangu akasema kitu, jirani akampiga begani kwa mwani mbichi, na wote wawili wakacheka mpaka mdogo wangu akajifuta macho kwa kanga.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini aliniuliza kama imeshika. Nyumbani kwao hapakuwa na televisheni inayofanya kazi. Alikuwa amelala pale nje, karibu na ukuta wetu, anaingojea Alkhamisi kama mama anavyoingojea, apate kuisikia kupitia ukutani. Alikuwa anataka neno moja, ndiyo au bado, na mimi nilikaza nati.

Mtu atanambia, si ungefungua sauti kidogo? Si ungetoa simu ukarekodi japo picha? Dirisha lile ni la mbao na chini yake palikuwa na wanawake thelathini wamenyamaza, wanamsikiliza mmoja anayesoma. Hata kikohozi changu wangekisikia. Na simu, wallahi, ilikuwa mfukoni mwa kanzu, na sikuikumbuka mpaka pale waliponionyesha maji tena na majina yakaanza kupanda. Dakika nne, labda tano. Nikazima televisheni, nikakaa chini sakafuni, nikalia kama watu wanavyolia kwenye matanga, kwa hiyo hata aliyenisikia asingeshangaa.

Siku tatu mama alikuwa akishinda na kulala kule kule, hatukuzungumza la maana. Baada ya khitma, Jumapili, alirudi mchana. Alivua buibui, akapapasa ukuta kama kawaida yake kukielekea kitanda. Kiganja kikafika kwenye swichi, kikasimama. Akashuka na vidole mpaka kwenye adapta.

"Hii ya moto," alisema. "Mimi niliizima."

Nilikuwa nimeisahau. Ilikuwa imewaka siku tatu, na busta juu ya paa lilikuwa limefanya kazi siku tatu, likikuza mawimbi na kuyaleta kwenye televisheni iliyozimwa.

"Nliwasha mimi, mama."

"Ukaiona?"

"Nliiona. Bila ya sauti."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi kutukanwa. Alikaa kitandani akaweka mikono mapajani kama alivyokuwa amekaa Alkhamisi.

"Kavaa ile kanga ya chungwa," alisema.

"Ndiyo."

"Na mwenzangu yupo ubavuni."

"Yupo. Wanafunga kamba moja. Wanacheka, kampiga kwa mwani."

"Mdogo wako alimwambia mwani wake haunenepi kwa sababu anausimanga. Hilo ndilo wanalolicheka." Mama alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Maneno yote nnayo. Ningeweza kukusomea kipindi chote, mwanzo mpaka mwisho. Sauti yake ndiyo iliyonitoka. Nnaitafuta, siipati. Nnasikia maneno yake kwa sauti yangu mwenyewe."

Nikamwambia lile ambalo nilikuwa sijalisema kwa miaka kumi na moja.

"Mama, mwenzako alisema kweli. Siku ile."

"Nnajua kama alisema kweli," alisema mama. "Angesema uongo ningemjibu palepale, tukagombana, na kabla ya mwezi kuandama tungepatana. Kweli n'taijibu nini? Nilimtoa nyumbani kwangu kwa sababu sikuwa na jibu. Na yeye alijua."

Nje walikuwa wanakunja majamvi, nikasikia yakikung'utwa mchanga ukutani. Nikamwambia mama kwamba kituo kina kanda zake, hazikupotea, si wameionyesha juzi tu. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe niwaombe nakala, nimletee, tuifungue hapa hapa kwa sauti kubwa mpaka barabarani wasikie. Nilisema kwa bidii, na nilikuwa nasema kweli, nilikuwa nataka hivyo kwa moyo wangu wote.

Mama aligeuza uso upande niliko. "Lini?" aliuliza.

Nikafungua mdomo kumjibu, na neno lililokuja lilikuwa lile lile. Nikaufunga. Mama alikuwa bado anangoja.